Ukuta wa Baiskeli

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Waulize wote hapa kijijini. Muuza mchele akinipimia, namwambia apime tena nikiwa naangalia. Fundi akiniambia kesho, namuuliza kesho ipi. Kwa hiyo yule bwana alipotokea asubuhi ile na baiskeli yake nyembamba, kofia ngumu kichwani utadhani anakwenda kupasua mawe, nilimkata jicho tangu akiwa bondeni. Hakuwa amenikosea lolote bado.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana, mama. Nimefika."

Eti amefika! Mtu humjui, hujamwalika, anasimama mlangoni kwako na kukwambia amefika.

Lazima niieleze nyumba yangu, maana bila kuijua utaniona mkorofi bure. Iko hatua hamsini tu kutoka nguzo ya mpaka. Upande huu sisi, upande ule wao, katikati kijito ambacho wakati wa kiangazi kuku anakivuka bila kulowa. Ni nyumba ya serikali ya zamani, ilikuwa ofisi ya ushuru: vyumba vitatu na stoo, kuta nene, madirisha yenye nondo. Baba yangu alikuwa karani humo. Ofisi ilipohamishiwa barabara kuu, mkubwa wake alimwambia, "Wewe kaa hapa, utunze." Alimwambia kwa mdomo tu. Karatasi hakuna, muhuri hakuna. Baba akakaa, akafia humo. Mimi nikaolewa, na badala ya kwenda kwa mume, mume ndiye aliyehamia kwetu. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Naye akafia humo. Nina mvi kichwa kizima lakini bado wananiita Binti Karani. Nikitolewa katika nyumba ile sina pa kwenda, hilo nalijua, na ndiyo maana kila mgeni namwangalia mikono kabla ya uso.

Yule bwana, ambaye wiki haikuisha kijiji kikawa kimeshambatiza Kofia Ngumu, alisema anatoka idara ya urithi. Wanataka kutengeneza njia ya baiskeli kufuata mpaka, wageni wawe wanapita na kuona mambo ya kale: daraja la mawe, mahali palipokuwa na tanuri za chuma, nguzo za mpaka.

"Na nyumba yako, mama," akamalizia, huku akitabasamu.

Tabasamu hilo mlipeleke kwingine. Neno urithi nalijua. Kuna mzee mmoja ng'ambo ya mlima aliyekuwa akiishi kwenye mahakama ya zamani. Wakaja watu wapole kama huyu, wakapiga picha, wakaiita nyumba yake urithi wa taifa. Leo yule mzee analala sebuleni kwa mkwewe, na kiti alichokuwa akikalia kimezungushiwa kamba ili wageni wakitazame. Nilikwenda kuhakikisha mwenyewe. Kamba nyekundu! Mwenye kiti akitaka kukikalia, anafukuzwa na mlinzi.

Nikamwambia Kofia Ngumu nyumba yangu haina lolote la kale ila mimi. Akacheka, akaenda zake. Kumbe hakwenda mbali. Alikwenda kupanga chumba kwa shemeji yangu.

Shemeji ni mdogo wake marehemu mume wangu. Ana banda la kutengeneza baiskeli kwenye njia panda, na nyuma ya banda vyumba viwili. Ni mtu mwema, na wema wake ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu ukimsifia tu anakupa shati. Siku ya tatu nikapita pale, nikawakuta wamechuchumaa wote wawili juu ya ile baiskeli nyembamba, mikono myeusi kwa grisi, wanacheka kama wamenyonya ziwa moja.

"Shemeji," nikamwita pembeni, "huyu unamjua?"

"Namjua anavyounga mnyororo. Anajua kazi."

"Anakuuliza nini juu ya nyumba?"

"Anauliza kila kitu, shemeji. Ndiyo kazi yake."

"Na wewe unajibu?"

Akakuna kichwa, akajipaka grisi kwenye nywele. Nikajua ameshajibu.

Hapo nikapiga moyo konde. Kama mtu anakuzunguka, mzunguke wewe kwanza. Kesho yake nikaitoa baiskeli ya marehemu, ile nzito yenye keria ya kubebea magunia, nikamwendea Kofia Ngumu na kumwambia nitamwongoza mwenyewe, hakuna anayezijua njia hizi kunizidi. Alifurahi kama mtoto. Mimi nilitaka aone kila kitu duniani isipokuwa kwangu.

Siku nne tulizunguka. Nilimpeleka kwenye daraja la mawe kwa njia ndefu, tukapanda mlima ambao hata mbuzi wanaukwepa. Nilimpeleka kwenye nguzo za mpaka moja baada ya nyingine, zile za mbali. Alikuwa na kifaa mkononi kinachoandika chenyewe tulipopita, na kila tukisimama anainama, anagusa mawe, anaandika. Magoti yangu yalikuwa yanawaka moto, lakini nikajikaza, kwa kuwa kila siku anayokuwa mlimani ni siku ambayo hayuko mlangoni kwangu. Siku ya nne maeneo yakaniishia. Nikampeleka kwenye josho la zamani la ng'ombe huko nyikani, lile refu la saruji, nikasimama na kusema kwa sauti nzito kwamba hapo ndipo watawala wa kale walipokuwa wakioga kabla ya vita.

Akalizunguka. Akapiga magoti, akasugua majani kwa kidole.

"Mama, hili ni josho. Mafundi wameandika mwaka hapa."

Akanionyesha. Kweli, mwaka uleule niliozaliwa mimi. Hakunicheka, na hilo lilinitia hofu zaidi. Mtu anayeweza kupata mwaka kwenye josho lililofunikwa na majani atashindwaje kuupata ndani ya stoo yangu?

Maana stoo yangu ina ukuta. Wakati wa baba, watu wa pande zote mbili walivuka na baiskeli kila asubuhi kwenda sokoni, na kila baiskeli ilipaswa kuandikwa ikitoka na kufutwa ikirudi. Madaftari yaliliwa na mchwa. Akaletewa mengine, yakaliwa. Baba, mtu asiyekubali kushindwa na mdudu, akachukua kopo la lami na brashi, akaanza kuandika ukutani: namba ya baiskeli na alama ya mwenyewe, jioni anaipiga mstari. Kila mwaka ukianza, anaandika mwaka juu kwa tarakimu kubwa na kuanza safu mpya. Nilikuwa namshikia kopo. Miaka kumi na saba ya mpaka ilikuwa kwenye ukuta ule, toka sakafuni mpaka darini, kwa mwandiko wake uliolala kulia.

Sasa wewe niambie, mtu wa urithi akiona kitu kama kile, ataniacha humo ndani?

Mchana mmoja nilikwenda kwa shemeji kuazima pampu. Banda lilikuwa wazi, yeye hayupo. Nikasikia sauti ya Kofia Ngumu nyuma, anaongea na simu.

"Bado hajakubali," alisema. "Ndiyo, nimeuona kwa mbali, mlango ulikuwa wazi. Miaka ipo... Hapana, hajui. Najua asiambiwe kabla orodha haijatoka. Nitajaribu tena."

Niliiacha pampu palepale. Nilirudi nyumbani mbio. Asiambiwe! Nani asiambiwe, kama si mimi? Orodha gani? Na ameuona ukuta, mwizi huyu wa macho, siku niliyoingiza kuni na kusahau kufunga mlango wa stoo.

Kesho yake akaja, bila kofia. Alikaa kwenye benchi langu la nje na kusugua mikono muda mrefu.

"Mama, kuna jambo sikutakiwa kukwambia."

Nikasema moyoni, hee, ndiyo haya. Kila tapeli niliyewahi kumsikia alianzia hapohapo.

"Watajenga barabara ya doria kufuata mpaka," akasema. "Mita sitini kutoka kwenye nguzo zitasafishwa. Nyumba zilizojengwa baada ya sheria ya mpaka, miaka kumi na moja iliyopita, zitavunjwa zote bila fidia. Za zamani zenye historia hazitaguswa, lakini lazima ziingie kwenye orodha yetu kwanza. Na mwenye kuishi humo anabaki humo kama mtunzaji. Una ule ukuta, mama. Niruhusu niupige picha. Picha moja tu."

"Hiyo orodha ya kuvunja iko wapi? Nionyeshe."

"Sina ruhusa kuitoa."

"Aa. Karatasi ya kunitisha huna ruhusa kuionyesha, ila picha ya kunihamisha unayo ruhusa kuipiga."

"Si kukuhamisha, mama—"

"Yule mzee wa mahakama walimwambia nini? Kwamba watamhamisha?"

Akainamisha kichwa. "Kwa yule mzee tulikosea," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Alikuwepo! Damu ilinipanda kichwani. Nilisimama, nikamwonyesha njia kwa kidole, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kuku wote wakakimbia. Aliondoka taratibu akisukuma baiskeli. Angeweza kuupiga picha ukuta ule siku yoyote nilipokwenda kisimani. Dirisha la stoo halina hata pazia. Lakini alikuwa mtu wa kuomba ruhusa. Wakati ule hata hilo niliona ni ujanja.

Jioni ileile nikamwita rafiki yangu mshonaji, jirani yangu wa nyumba ya nyuma, upande wa mbali na mpaka, ambaye siri ukimpa anaimeza na sindano zake. Nilikuwa nimeazima brashi ya waya kwa shemeji, ile ya kusugulia kutu, na sikumwambia ya nini. Tukaanza kusugua. Lami haitoki. Tukaleta mafuta ya taa na matambara, na hapo ikaanza kulia ukutani, mistari myeusi ikishuka juu ya namba. Rafiki yangu akaacha kusugua.

"Binti Karani, una hakika? Huu si mkono wa baba yako?"

"Baba yangu angetaka nilale wapi, ndani ya nyumba au kwenye picha?"

Akaendelea. Siku ya pili tukapiga lipu ya saruji, nikalainisha kwa mwiko mpaka ukuta ukawa kama wa benki, tukapaka chokaa. Nilisema nimechoka, nikamwomba atoke kidogo. Nikalia kwa sauti, peke yangu, na harufu ya mafuta ya taa puani. Kisha nikanawa uso. Nilijiambia nimeshinda.

Wiki iliyofuata karani wa idara akaja na fomu, pamoja na Kofia Ngumu. Kila mwenye jengo karibu na njia ya baiskeli atoe maelezo: lilijengwa lini, na nani, lina historia gani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema nyumba tuliijenga mimi na marehemu miaka tisa iliyopita. Niliuchagua mwaka huo kwa sababu ndio tulioezeka mabati mapya, na mabati hata kipofu anaweza kuyapapasa. Nikawafungulia stoo. Kofia Ngumu aliingia, akasimama mbele ya ukuta mweupe. Aliunyooshea mkono, akaurudisha. Alipotoka uso wake ulikuwa umemwishia damu.

"Mama," akasema polepole, "miaka tisa? Una hakika? Umesahau nilichokwambia?"

"Sisahau kitu. Andika."

Walitaka mashahidi wawili. Mshonaji akatia sahihi bila kupepesa. Shemeji akasita. Alishika kalamu kama spana, akaniangalia.

"Shemeji, mimi nimezaliwa nikaikuta nyumba hii."

"Na mimi nimekupikia miaka mingapi?" nikamnong'oneza. "Kama wewe ni ndugu wa marehemu, tia sahihi. Kama ni ndugu wa huyu mwenye kofia, basi nijue leo."

Akatia sahihi. Jina lake aliliandika vibaya mpaka likawa halisomeki, karani akamwomba aandike tena.

Kofia Ngumu aliondoka siku ileile. Nilimwona akipanda kilima, hakugeuka nyuma. Nikachemsha chai, nikamwita mshonaji, tukacheka mpaka machozi, tukaigiza alivyosimama mbele ya ukuta. Shemeji hakuja.

Miezi mitatu baadaye nilitoka kufagia uwanja nikakuta alama ya msalaba mwekundu ukutani, na chini yake namba. Rangi ilikuwa mbichi. Nyumba ya mshonaji, iliyo nje ya mita sitini, haikuwa na alama. Siku ya kuvunja iliandikwa kwenye karatasi waliyoibandika mlangoni, na safari hii walikuwa na ruhusa ya kuionyesha. Ilikuwa na muhuri, mzuri kabisa.

Nikakaa chini palepale, na ufagio mkononi. Alisema kweli. Yule mtu alisema kweli neno kwa neno, alivunja amri ya wakubwa zake ili anisaidie, na mimi nikamfukuza kama mbwa.

Shemeji ndiye aliyempigia simu, mimi nisingethubutu. Kofia Ngumu alikuja siku ya pili, amepiga baiskeli toka mjini, vumbi mpaka kope. Hakunilaumu hata kwa jicho. Bora angenitukana. Aliingia stoo moja kwa moja na bisibisi ya shemeji, akabandua lipu kipande kimoja kwa uangalifu, kama anayemvua mgonjwa bendeji. Chini yake kulikuwa na uchafu mweusi tu, umesambaa. Akabandua pembeni. Kweusi. Akapanda ngazi akabandua juu kabisa, mahali ambapo mwaka wa kwanza ulikuwa. Kweusi.

"Mlisugua kwanza," akasema.

"Kwa mafuta ya taa," nikamjibu. "Nisamehe, baba."

Akashuka. Alisema hana picha, na aliyoyaona kupitia mlango kutoka mbali hayahesabiki, ila atakwenda nami kwa afisa wa mpaka na kusema hivyohivyo. Tukaenda watatu: yeye, mimi na shemeji.

Afisa alikuwa binti wa umri wa kuzaliwa na mimi, mpole, sauti ya chini. Alimsikiliza Kofia Ngumu mpaka mwisho. Akamuuliza kama ana picha. Hana. Kama aliandika popote kwamba ameona miaka. Hakuandika, kwa sababu mwenye nyumba hakumruhusu. Akafungua jalada na kutoa karatasi moja. Niliijua hata kabla hajaigeuza.

"'Nyumba hii tuliijenga mimi na marehemu mume wangu miaka tisa iliyopita,'" akasoma. "'Haina historia yoyote.' Hii sahihi ni yako, mama?"

"Ni yangu."

"Na hawa wawili ni mashahidi wako?"

"Niliwalazimisha. Hawana kosa. Nilidanganya mimi, mwanangu. Ile nyumba ni ya zamani, baba yangu alikuwa karani humo, aliandika baiskeli ukutani—"

"Ukuta upo?"

"Niliufuta."

Shemeji akasimama. "Mimi nathibitisha," akasema. "Nilizaliwa nikaikuta."

Afisa akaigeuza karatasi, akaweka kidole chini ya jina lake, lile lililoandikwa mara mbili. Shemeji akakaa.

"Mama, sitaki kukukosea heshima," akasema yule binti. "Lakini nisaidie. Nimwamini yupi? Yule wa siku ile, aliyekuja na mashahidi wawili, au wewe wa leo, ambaye huna hata picha moja?"

Nikafungua mdomo kumwambia aniamini tu. Nikajisikia nilivyokuwa nataka kusema, na mimi mwenyewe nisingejiamini. Yule binti akalifunga jalada na kumwita anayefuata.